Machipukizi na maikrogrini: jua unachokitafuta kabla hujaloweka mbegu

Wanaoniuliza kuhusu machipukizi karibu wote huanzia kwenye mbegu: ipi ina faida zaidi? Nami huwajibu kwa swali: unatafuta nini ndani yake, na utavuna siku ya ngapi? Mbegu ileile ya brokoli, ukiila ikiwa na siku 3 na ukiila ikiwa na siku 12, si chakula kimoja. Nimefundisha kemia kwa miaka mingi, na siku hizi maabara yangu ni rafu moja ya jikoni yenye mitungi ya kioo na trei za plastiki, kwa hiyo mtaniwia radhi nikianza na kinachoendelea ndani ya mmea kabla ya kusema mshike nini.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Chipukizi ni mbegu iliyoota kwenye unyevu bila udongo, na huliwa zima: mzizi, shina, majani, hata ganda likiwa bado limeng'ang'ania. Kazi yake ni siku 3 hadi 5. Maikrogrini ni mche uliooteshwa kwenye udongo au mkeka wa nyuzi, ukapata mwanga, kisha ukakatwa juu ya mizizi pale majani mawili ya mwanzo yanapofunguka au jani halisi la kwanza linapochungulia. Hizo huchukua siku 7 hadi 21 kutegemea aina. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua utapata kemikali zipi, na pia utabeba hatari kiasi gani.

Kinachopungua na kinachoongezeka

Brokoli hujilinda dhidi ya wadudu kwa kutumia kemikali iitwayo glukorafanini, na mmea mama huijaza kwa wingi kwenye mbegu zake. Mbegu ikianza kuota hunywa maji, hurefuka, huongezeka uzito. Glukorafanini haiongezeki kwa kasi hiyo. Hesabu yake ni nyepesi: kiasi kilekile sasa kimegawanywa kwenye gramu nyingi zaidi. Mwaka 1997 Jed Fahey, Yuesheng Zhang na Paul Talalay wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani walichapisha vipimo vyao: machipukizi ya siku 3 yalikuwa na glukorafanini mara 10 hadi 100 zaidi ya mmea uliokomaa. Tarakimu hiyo imezunguka dunia nzima, lakini wengi wanaoinukuu huacha nyuma yale maneno "siku 3". Kila siku unayoongeza, unaongeza maji.

Vitamini C inakwenda kinyume. Kwenye mbegu kavu ya jamii ya kunde haipo au ipo kidogo mno. Mmea huanza kuitengeneza unapoota. Mwaka 1919 Harriette Chick na Ellen Marion Delf wa Uingereza walionyesha kwamba njegere na adesi kavu, ambazo uwezo wake wa kuzuia kiseyeye ni hafifu, hupata uwezo huo zikilowekwa na kuachwa ziote kwa siku mbili tu. Wakati huohuo asidi ya fitiki, ambayo hushika madini ya chuma na zinki yasinyonywe vizuri na mwili, huanza kupungua kwa sababu mbegu inaamsha kimeng'enya cha kuivunja. Hapo choroko na adesi ndipo zinaponipendeza: hazina glukorafanini hata chembe, lakini mabadiliko yanayotokea ndani yake kwa siku mbili tatu ni makubwa.

Halafu kuna mwanga. Mche ukipigwa na mwanga hujenga klorofili, ile rangi ya kijani, na karotenoidi, rangi za njano na chungwa, na vitamini C nayo hupanda. Mwaka 2012 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani na wa Chuo Kikuu cha Maryland walipima aina 25 za maikrogrini. Kabichi nyekundu iliongoza kwa vitamini C: miligramu 147 katika kila gramu 100, ilhali kabichi nyekundu iliyokomaa huwa na takriban 57. Giligilani iliongoza kwa luteini na zeaksanthini, zile rangi za njano ambazo jicho huzihifadhi kwenye retina. Mchicha mwekundu uliongoza kwa vitamini K, na figili ya kijani kwa vitamini E. Hakuna aina iliyoshinda kila kitu, na hilo ndilo jibu langu kwa mtu anayetaka kutajiwa mbegu moja ya miujiza.

Basi amua hivi. Ukitaka glukorafanini, otesha brokoli kama machipukizi, uvune siku ya 3 hadi ya 5. Ukitaka vitamini C, luteini na rangi za majani, otesha maikrogrini kwenye mwanga na usiwe na haraka nazo. Ukitaka jamii ya kunde iliyo laini zaidi kwa tumbo, loweka choroko leo. Mimi maikrogrini ndizo nyingi zaidi kwenye rafu yangu, na sababu yake nitaieleza nikifika kwenye usafi.

Kutafuna ni sehemu ya kazi

Glukorafanini yenyewe haifanyi kazi kubwa mwilini. Kinachotafutwa ni sulforafani, nayo haimo ndani ya chipukizi lililo zima. Huzaliwa pale seli zinapovunjika. Glukorafanini imekaa sehemu yake, na kimeng'enya kiitwacho mirosinasi kimefungiwa sehemu nyingine, kama njiti ya kiberiti na ubavu wa kisanduku chake: vyote viwili vimo mfukoni, lakini moto hauwaki mpaka visuguane. Mdudu akitafuna jani, viwili hivyo hukutana, na mdudu hujutia.

Fanya jaribio hili. Weka machipukizi matano ya figili juu ya ulimi, uyaache bila kuyatafuna. Utahisi ubaridi na maji tu. Sasa uma. Sekunde moja hakuna kitu, ya pili unahisi utamu mdogo, kisha ukali unapanda kutoka nyuma ya ulimi mpaka puani. Ukali ule haukuwapo kabla. Umeutengeneza wewe mwenyewe mdomoni. Kemikali ya figili si sulforafani hasa, ni ndugu yake wa ukoo wa isothiosianeti, ila namna ya kuzaliwa ni ileile. Brokoli haichomi hivyo, ina uchungu wa chini kidogo, na ndiyo maana watu humeza haraka. Ukimeza haraka, sehemu kubwa ya glukorafanini inapita bila kubadilishwa, na inabaki kutegemea bakteria wa utumbo, ambao hutofautiana sana kati ya mtu na mtu.

Kwa hiyo katakata machipukizi ya brokoli vizuri kwa kisu au yasage, yaache dakika chache, ndipo uyale, na bado utafune. Ukiyachemsha yakiwa mazima, mirosinasi inaharibika kwa moto na njiti inabaki bila ubavu. Anayependa brokoli iliyopikwa ana njia ya kujiokoa: nyunyiza unga wa mbegu za haradali juu ya chakula kikishapoa kidogo. Haradali ina mirosinasi yake, na hiyo itaifanya kazi iliyoachwa.

Kuna ujanja mwingine wa joto, nao ni kwa mwenye kipimajoto jikoni. Ndani ya brokoli mbichi kuna protini inayopotosha mabadiliko, ikafanya sehemu ya glukorafanini iishie kuwa kitu kisicho na faida badala ya sulforafani. Protini hiyo huharibika mapema kuliko mirosinasi. Ukipasha machipukizi kwenye maji ya nyuzi joto 60 kwa dakika 5 hadi 10 kisha ukayasaga, sulforafani huongezeka. Maji yanayochemka ni habari nyingine kabisa. Na usidhani kuoga huko kwa maji ya nyuzi 60 kumeua vijidudu. Hakutoshi kutegemewa kwa hilo.

Sulforafani inafanya nini ikishaingia? Ndani ya seli kuna protini iitwayo Nrf2, ambayo kwa kawaida hushikwa na mwenzake, Keap1. Sulforafani humshika Keap1, Nrf2 inaachiwa, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za vimeng'enya vinavyosaidia kutoa sumu mwilini. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Qidong, China, eneo lenye hewa chafu, ambako watu 291 walishiriki kwa majuma 12. Waliokunywa kinywaji cha machipukizi ya brokoli walitoa kwenye mkojo mabaki ya benzini, sumu iliyomo kwenye hewa chafu, kwa asilimia 61 zaidi, na ya akroleini, sumu nyingine ya aina hiyo, kwa asilimia 23 zaidi. Ni matokeo mazuri, na mimi huyapenda kwa sababu yamepima kitu kinachoeleweka. Lakini yanasema mwili ulitoa sumu kwa wingi zaidi. Hayasemi mtu alipona saratani. Mtu akikuuzia machipukizi kama dawa ya saratani, muulize amepima nini.

Mbegu za kununua na mbegu za kuacha

Nunua mbegu zilizoandikwa kuwa ni za kuotesha machipukizi. Mbegu za shambani mara nyingi hupakwa dawa ya kuua kuvu na kutiwa rangi ya waridi, bluu au kijani ili zisichanganywe na chakula. Hizo si za kula, wala kuziosha hakusaidii. Na hata isiyo na rangi, kama muuzaji hawezi kusema imewekwa dawa au haijawekwa, iache.

Zipo pia mbegu ambazo hazifai hata zikiwa safi. Maharage mekundu yana lektini inayosababisha kutapika vikali, na kuyachipusha hakuiondoi; hayo ni ya kuchemsha hasa. Mtama ukichipua hutengeneza kemikali inayotoa sayanidi, kwa hiyo vichipukizi vyake vibichi si vya saladi. Nyanya, bilinganya na pilipili ni ukoo ambao majani ya mimea yake mingi yana sumu, usioteshe miche yake ukaila kama maikrogrini. Lusini inaliwa sana kama chipukizi, lakini ina kemikali iitwayo kanavanini, na wenye lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, hushauriwa waiepuke.

Kwa anayeanza ningesema figili. Huota haraka, husamehe makosa, na ladha yake inakwambia yenyewe kwamba kemia imefanya kazi. Baba watoto haigusi kwa sababu ya ukali. Yeye ni mtu wa njegere na alizeti, na sina ugomvi naye.

Usafi, na hapa sina utani

Mazingira yanayoifurahisha mbegu ndiyo yanayoifurahisha bakteria: joto la wastani, unyevu, giza, chakula kinachovuja kutoka kwenye mbegu inayopasuka. Bakteria wachache waliojificha kwenye ufa wa ganda, kwenye hali nzuri wanaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa siku 3 au 4, hesabu hiyo usiitake. Mwaka 2011 nchini Ujerumani mlipuko wa bakteria E. coli aina ya O104:H4 uliwaletea ugonjwa watu zaidi ya 3,800 na kuua zaidi ya 50, na uchunguzi uliishia kwenye machipukizi ya uwatu. Mwaka 1996 katika mji wa Sakai, Japani, maelfu ya watoto wa shule waliugua kwa E. coli O157, na machipukizi ya figili nyeupe ndiyo yaliyoshukiwa zaidi. Machipukizi yale hayakuwa yameoza wala kunuka. Huwezi kuona wala kunusa tatizo la aina hii.

Ndiyo maana maikrogrini zimejaa kwenye rafu yangu. Zimekua kwenye hewa na mwanga, unakata juu ya mizizi, na mbegu yenyewe huili. Hatari haijaisha, ila imepungua.

Wajawazito, watoto wadogo, wazee, na yeyote ambaye kinga yake imeshuka kwa ugonjwa au dawa, wasile machipukizi mabichi. Mamlaka za afya zinasema hivyo na mimi ninasema hivyo. Wapewe yaliyopikwa mpaka moto umeingia ndani, au wale mboga nyingine. Dunia haijaisha kwa mboga.

Kwa wengine, njia iliyopendekezwa na Chuo Kikuu cha California kwa wanaootesha nyumbani ni hii, nami ndiyo ninayoifuata. Chukua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa. Weka chupa au bakuli lake ndani ya maji moto mpaka kipimajoto kisome nyuzi 60. Tia mbegu kwenye kichujio kidogo, zizamishe humo kwa dakika 5 huku ukizikoroga. Zitoe, zioshe kwa maji yanayotiririka kwa dakika moja. Kisha ziweke kwenye maji mengi na uondoe kila kinachoelea: maganda, mbegu nyepesi, vipande vya takataka. Vinavyoelea ndivyo hubeba uchafu mwingi. Peroksaidi iliyotumika imwage, usiirudishe kwenye chupa. Njia hii hupunguza vijidudu, haitoi hakikisho. Mitungi na vifuniko navyo vioshwe kwa sabuni, vilowekwe kwenye maji yenye dawa ya klorini, visuuzwe, vikauke.

Mtungi wa machipukizi

Baada ya usafi huo, kazi iliyobaki ni ndogo. Kwa mtungi wa lita moja, vijiko vikubwa 2 vya mbegu za brokoli vinatosha kabisa, ingawa vitaonekana vichache mno chini ya mtungi. Usiongeze. Vitaujaza.

Loweka kwa maji safi ya kunywa, saa 6 hadi 8 kwa brokoli na figili, saa 8 hadi 12 kwa choroko na adesi. Mwaga maji, funga mdomo wa mtungi kwa kitambaa chepesi cha matundu na mpira, kisha uulaze kwa mshazari mdomo ukiwa chini ndani ya bakuli. Maji yanayobaki ndani ndiyo yanayooza mbegu, na mtungi uliosimama wima huyabakiza. Hewa nayo lazima iingie, kwa hiyo mbegu zisizibe mdomo wote.

Suuza asubuhi, mchana na jioni kwa maji ya kunywa. Kukiwa na joto ongeza mara moja. Usinyunyize tu. Jaza, zungusha, mwaga, rudia. Nyuzi 18 hadi 24 ndizo zinazofaa. Siku ya pili utaona ncha nyeupe, siku ya tatu mikia, siku ya nne brokoli ina majani mawili ya manjano. Ukiwa unatafuta glukorafanini unaweza kuishia hapo. Ukitaka kijani kidogo, weka kwenye mwanga usio wa jua kali kwa saa chache.

Siku ya kuvuna, usisuuze kisha ukaweka kwenye friji moja kwa moja. Suuza mara ya mwisho, yaache yakauke usoni kwa saa kama 8, ndipo uyaweke kwenye chombo chenye karatasi ya jikoni chini, kwenye nyuzi 4 au chini ya hapo. Yale ndani ya siku 3 hadi 5. Yakiteleza, au yakitoa harufu ya uchachu, mwaga bila kuonja, na kumbuka kuwa bakteria aina ya Listeria huweza kuongezeka hata ndani ya friji.

Trei ya maikrogrini

Trei ya sentimita 25 kwa 50 hivi, yenye matundu chini, ikalie juu ya nyingine isiyo na matundu. Jaza udongo mwepesi wa kuoteshea miche, kina cha sentimita 3, uusawazishe kwa kipande cha ubao. Samadi isiyoiva usiitie kabisa. Kwa trei hiyo mimi hupanda gramu 12 hadi 15 za brokoli au kabichi, gramu 25 hadi 30 za figili, na njegere zaidi ya gramu 200 zilizolowekwa usiku kucha. Mbegu ndogo hazihitaji kulowekwa. Zile zinazotoa ute, kama chia na rihani, usizithubutu kuziloweka. Zitashikana tonge moja.

Nyunyiza mbegu kwa usawa, zikaribiane bila kupandana. Hapa mkono mzito huharibu kila kitu: mbegu zilizobanana hukosa hewa, shina hulainika usawa wa udongo na kulala chali. Nyunyizia maji ya ukungu, funika kwa trei nyingine uliyoigeuza, na juu yake weka uzito wa kilo 1 au 2. Uzito hulazimisha mizizi ishike udongo. Baada ya siku 2 hadi 4, miche ikishaanza kuinua kifuniko, ondoa na uiweke kwenye mwanga.

Kuanzia hapo usimwagilie juu. Mimina maji kwenye trei ya chini, mizizi inywe kwa dakika 20, kisha umwage yaliyobaki. Majani makavu hayaoti kuvu kirahisi. Dirisha lenye mwanga mzuri linatosha. Taa ya LED nyeupe ikiwa sentimita 20 hadi 30 juu, kwa saa 12 hadi 16 kwa siku, inafanya kazi sawasawa. Miche ikirefuka na kupauka, inalilia mwanga.

Sasa, siku ya tatu au ya nne ukifungua figili, utaona pamba nyeupe imezunguka kila mzizi, na utadhani trei yote imeingia kuvu. Subiri. Inama uangalie kwa karibu: nywele zile ni fupi, zote zina urefu mmoja, zimesimama kuzunguka mzizi tu, na hazivuki kwenda kwa jirani. Zinyunyizie maji. Zikilala na kupotea machoni, ni vinyweleo vya mizizi, na mche wako ni mzima. Kuvu hutambaa juu ya udongo, huruka kutoka shina hadi shina kwa nyuzi za utando, hailali kwa maji, na ina harufu ya chumba kilichofungwa. Ikiwa ni kuvu, ng'oa eneo hilo na pembezoni mwake, punguza maji, ongeza upepo. Ikiwa imesambaa, trei yote itupwe.

Vuna kwa mkasi mkali uliosafishwa, kidole kimoja juu ya udongo. Mimi hukata ninapotaka kula, dakika hizohizo, maana jani lililokatwa huanza kupoteza vitamini C. Ukilazimika kuhifadhi, usilioshe mpaka siku ya kula. Njegere ukikata juu kidogo ya kifundo cha chini itachipua tena mara moja. Brokoli, kabichi na figili hazirudi.

Kiasi, na wanaotumia dawa

Hapa hakuna ujanja: konzi moja juu ya chakula cha kila siku, kwa kubadilisha aina, ni bora kuliko bakuli zima la aina moja mara moja kwa mwezi. Mafuta kidogo juu ya maikrogrini husaidia mwili kunyonya karotenoidi na vitamini K, kwa hiyo sahani kavu isiyo na mafuta hata tone haina maana sana kwa mtu anayetafuta luteini.

Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, azungumze na daktari wake kabla ya kuanza, kwa sababu vitamini K ya majani haya inapingana na kazi ya dawa hiyo, na kinachosumbua zaidi ni kula nyingi leo na kuacha kesho. Mwenye tatizo la tezi ya shingo na asiyepata madini joto ya kutosha asijaze sahani yake jamii ya kabichi mbichi kila mlo.

Udongo uliotumika usipandwe mara ya pili kwa maikrogrini. Mizizi iliyobaki huoza na kulisha kuvu. Upeleke kwenye mboji au bustanini. Trei zioshe kwa njia ileile ya mitungi. Mbegu zilizosalia zikae kwenye chombo kisichopitisha hewa, mahali pakavu na pa baridi, na juu yake uandike jina na mwaka ulionunua, kwa sababu mbegu ya brokoli na ya kabichi ukizitazama kiganjani huwezi kuzitenganisha.